Lori la Rangi ya Chungwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni 2 Samweli 24:18-25.

Mwezi uliopita sisi walimu wa Shule ya Jumapili hapa Moshi tuliomba kila nyumba ilete midoli, magari, mipira na vitu vingine vya kuchezea ambavyo bado ni vizima, tuwapelekee watoto wanaolelewa kituoni na waliolazwa wodini. Mimi ndiye niliyesimama kanisani kutangaza, na nilitaka fuko la nyumbani kwangu liwe la kwanza kufika. Alhamisi asubuhi, wanangu wakiwa shuleni, nikavuta boksi lao chini ya kitanda nikaanza kuchambua kama ninachambua mchele. Hiki kiende, hiki kibaki. Nusu saa haikuisha, fuko limejaa. Nikaliweka nyuma ya mlango, nikamshukuru Mungu kwa kunipa moyo wa kutoa.

Jioni mwanangu wa kiume, ana miaka 7, akaanza kutafuta lori lake. Ni lori la plastiki, la rangi ya chungwa, nililomnunulia kwenye mitumba pale Memorial. Tairi moja la nyuma lilipotea, na babu yake akamchongea lingine kwenye kandambili kuukuu. Mimi nilikuwa sijamwona akilichezea tangu Pasaka. Kumbe kila usiku hulipaki chini ya kitanda, kichwa kikitazama mlango, "ili liwe tayari kwa safari."

Nilipomweleza liliko, hakupiga kelele. Machozi tu. Nikaanza kumhubiria kuhusu watoto wasio na kitu na jinsi Yesu anavyompenda atoaye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, na wewe umetoa nini?"

Wapendwa, sikuwa na jibu. Usiku ule nilisoma habari za Daudi na kiwanja cha Arauna kwa macho mengine kabisa. Nchi ilikuwa imepigwa na tauni, watu 70,000 wamekufa, na nabii Gadi akamwambia mfalme apande akajenge madhabahu kwenye kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi. Arauna akatoka, akasujudu, akasema chukua vyote: kiwanja, ng'ombe wa sadaka, hata nira zao ziwe kuni. Daudi angeweza kupokea. Alikuwa mfalme, na mwenye mali mwenyewe ameridhia. Lakini alisema, "wala sitamtolea BWANA, Mungu wangu, sadaka za kuteketezwa nisizozigharimia." Akalipa shekeli hamsini za fedha.

Siku zote nimelifundisha fungu hili kana kwamba linazungumzia kiasi: toa kingi, toa kinachouma. Safari hii nililoliona ni swali la nani analipa. Daudi alikataa kumtolea Mungu kwa jasho la Arauna, na Arauna alikuwa amekubali. Mimi nilichukua mali ya mtoto ambaye hata sikumuuliza, nikaiita sadaka yangu. Lori lilimgharimu yeye. Mimi lilinigharimu nusu saa.

Najua wapo watakaosema mtoto hana mali, vyote ni vya mzazi. Nami nimelelewa hivyo. Lakini tukitaka wakue wakiwa watoaji, lazima kwanza wawe na kitu mkononi ambacho ni chao, kisha mkono huo tuuache ufunguke wenyewe. Tukiufungua kwa nguvu, tunawafundisha kuficha.

Wazee wetu wengine wameniuliza kwa upole: sisi tumekulia migombani, nani alitununulia midoli? Ni kweli. Tulitengeneza mdoli wa mgomba, gari la waya, mpira wa makaratasi na kamba, na tulicheza kombolela mpaka giza. Lakini tulikuwa na migomba, na tulikuwa na wenzetu. Mtoto aliyelazwa mguu ukiwa umening'inizwa hawezi kwenda kuokota waya. Hospitali yetu ya KCMC hapa Moshi, tangu ilipofunguliwa mwaka 1971, imekuwa ikipokea wagonjwa wa kanda nzima ya kaskazini, na mtoto aliyetoka Manyara au Tanga anaweza kukaa majuma kadhaa bila kumwona shangazi wala jirani. Ukimpa gari dogo la kusukuma juu ya shuka, unamrudishia kitu ambacho dawa haikibebi. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja haki ya kucheza pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Na kabla ya sheria hiyo, nabii Zekaria alipotabiri jinsi Yerusalemu iliyobomolewa itakavyopona, hakuanza na ukuta. Aliona wazee wamekaa njiani na mikongojo yao, halafu akasema: "Na njia za mji huo zitajaa wavulana na wasichana, wakicheza katika njia zake" (Zekaria 8:5). Nimelisoma fungu hilo mara nyingi wiki hii, na kila mara nimesimama hapo.

Sasa niseme jambo lililonisumbua tulipofungua mafuko mengine. Mdoli hana kichwa. Gari limepasuka, ncha inakata kidole. Mchezo wa kupanga picha, nusu ya vipande havipo. Malaki aliwauliza makuhani waliokuwa wakileta wanyama vipofu na vilema: hebu mpelekee liwali wako, je, atakuwa radhi nawe? Kipimo chetu kiwe hichohicho. Kama usingempa mtoto wa mgeni aliyekutembelea nyumbani, usimpe mtoto wa kituoni. Kioshe kwa sabuni, kikauke juani. Midoli ya manyoya haifai kupelekwa wodini, kwa sababu ni vigumu kuitakasa vizuri. Leteni ya plastiki inayofutika. Zile betri ndogo za duara, kama kitufe, ziondoeni kabisa kama kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu. Mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2 tu. Na siku ya kupeleka, nawasihi, simu zibaki mfukoni. Watoto wale hawatudai picha.

Basi, Alhamisi ileile usiku nililimwaga fuko mkekani. Nikawaomba wanangu msamaha, wote wawili, nikawaambia wachague wenyewe, na asiyetaka kutoa asitoe. Dada mtu akatoa midoli mitatu upesi. Kijana akachukua lori lake, akaenda kulala. Hakutoa kitu. Sitawaficha, iliniuma, maana nilifikiria watu watasema nini juu ya nyumba ya mwalimu. Kesho yake nikachukua fedha niliyokuwa nimeiweka ya kitenge, nikaenda Memorial, nikanunua magari na mipira kiasi ilivyotosha, nikarudi kuviosha.

Jumamosi asubuhi nikiwa nafunga fuko, kijana akaja na mpira wake. Mpira ambao mjomba wake alimletea kutoka Dar Krismasi, hata maandishi yake hayajafutika. Akauweka juu ya vingine. Nikamwambia, "Baba, huo si bado mpya?" Mimi mwenyewe niliyehubiri, mkono wangu ulikuwa umeshanyoosha kuutoa.

Akasema, "Ndiyo. Lakini kule wako wengi, watapata timu mbili."

Kapu letu lipo chumba cha Shule ya Jumapili mpaka Jumapili ijayo, baada ya mnada wa sadaka.

Tuombe. Bwana Yesu, uliwatazama watoto waliokaa sokoni wakiitana kucheza, ukaukumbuka mchezo wao ulipofundisha. Watazame waliolala wodini usiku huu. Wape nafuu wanaougua, na mama zao wanaolala chini kando ya vitanda uwape usingizi. Utusamehe sisi tuliokutolea vya wengine. Kesho tunapofungua maboksi ya watoto wetu, utupe subira ya kuwauliza. Amina.