Jinsi nilivyoinusuru fremu ya pampu ya maji ya bahari

Fremu ya kwanza niliichomelea kwa chuma cha kawaida na kuipaka rangi tabaka tatu, nikaamini kazi imekwisha. Kutu ilianzia kwenye maungio, mahali ambapo rangi ilikuwa nyembamba, ikapenya chini yake na kuibandua.

Ya pili niliiunda kwa alumini, kwa kuwa utando wa oksidi unaojijenga juu yake huilinda, na uzito wake ni takriban gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo ilhali chuma kina karibu 7.85. Nilichosahau ni kwamba metali kuhimili mzigo bila kukatika ni jambo moja, na kukataa kupinda ni jambo jingine. Kipimo cha ukakamavu cha alumini ni takriban gigapaskali 70 na cha chuma ni karibu 200, kwa hiyo boriti ya umbo na unene uleule ilipinda karibu mara tatu zaidi, na pampu ilipowashwa fremu nzima ilitetemeka. Kununua aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini yenye nguvu zaidi kusingenisaidia, kwani kipimo hicho hakitofautiani sana kati ya aloi moja na nyingine. Nilichofanya ni kuongeza kimo cha boriti: boriti ya mstatili iliyojaa, kimo chake kikiongezwa mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara nane.

Tatizo la bolti ndilo lililonifundisha zaidi. Nilitumia bolti za stenlesi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) ya daraja la 304, na baada ya miezi michache unga mweupe ulizunguka kila tundu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na iliyo dhaifu kiumeme, ambayo hapa ni alumini, ndiyo inayoliwa. Kama ningefanya kinyume, yaani ribiti ndogo za alumini kwenye bamba pana la stenlesi, zingeisha upesi mno, kwa sababu eneo dogo lingebeba ulaji wote. Bolti zenyewe pia zilikuwa na vishimo chini ya washa, mahali ambapo oksijeni haifiki vizuri kuurudisha utando wa oksidi ya kromiamu unaoilinda stenlesi, uliovunjwa na chumvi.

Nilihamia daraja la 316, lenye asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni, metali inayosaidia kuzuia vishimo hivyo, nikavika kila bolti bomba la nailoni na washa za nailoni, nikaweka mpira chini ya miguu ya pampu, na kupaka nyuzi za bolti grisi maalumu kwa kuwa stenlesi hung'ang'aniana inapokazwa. Kabla ya kuwasha pampu, nilipima kwa multimita kuhakikisha kwamba umeme haupiti kati ya bolti na fremu. Tangu hapo huisuuza fremu kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki. Katika ukaguzi wa mwisho bolti moja tu ilikuwa na unga mweupe, na nilipoifungua nikakuta bomba lake la nailoni limepasuka.