Kabla Kisu Hakijamfikia Daktari

Nikiulizwa kazi kwenye matatu ya Kondele husema tu nafanya hospitali. Nikieleza zaidi, watu hudhani nafagia thieta. Hata wenzangu wa wodi huniita Mama Vyombo. Kazi yangu ni kuosha na kutakasa kila kifaa kitakachoingia mwilini mwa mgonjwa. Jumatano ni siku yetu ya upasuaji wa matiti, basi nawasimulia ya juzi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nawasha otoklevu, mashine yetu ya kutakasa vyombo kwa mvuke, na kupitisha karatasi ya majaribio. Ikigeuka rangi sawasawa, hewa imetoka yote na mvuke utapenya kila mahali. Ikibaki hafifu katikati, sipakii kitu. Imegeuka vizuri.

Saa mbili seti ya kwanza inaenda. Ndani mna visu, mikasi ya Metzenbaum, vibano vya Allis, kulabu ndogo za kuinulia ngozi inapotenganishwa na titi, Langenbeck za kupanulia nafasi daktari akifuata tezi za kwapani, na diathemi ya kukata na kuziba mishipa kwa umeme. Pia vibano vidogo vya Halsted. Huyu William Halsted wa Baltimore ndiye aliyeeleza mwaka 1894 upasuaji wa kuondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani, vyote kwa pamoja. Siku hizi misuli huachwa kwa wagonjwa wengi, na uvimbe ukiwa mdogo huenda titi lenyewe likabaki, mgonjwa akafuatiliziwa mionzi. Mimi namkumbuka kwa glavu. Muuguzi wake, Caroline Hampton, aliharibika mikono kwa dawa ya zebaki ya kuulia vijidudu, Halsted akaagiza atengenezewe glavu nyembamba za mpira. Mwaka 1890 wakaoana. Kwetu hapa hata krimu ya mikono najinunulia.

Saa nne na nusu seti inarudi, nami najua mambo yalivyokwenda bila kuingia thieta. Ncha ya diathemi imejaa masizi na vibano karibu vyote vimetumika: damu ilisumbua. Navitia kwenye maji yenye dawa, kamwe si maji ya chumvi, maana chumvi hula chuma. Nasugua chini ya maji ili matone yasiruke usoni.

"Madam, si hiki kimeng'aa tayari?" mwanafunzi wa atachimenti ananiuliza.

Nakifungua kibano, nabana kitambaa cheupe kwenye kiungo chake. Kitambaa kinatoka na alama ya kahawia. Anakichukua kibano na kurudi kwenye karai bila neno.

Saa sita hivi, seti ya pili ikiwa ndani, stima inapotea. Jenereta yetu inabeba taa za thieta na mashine za wagonjwa mahututi, otoklevu haiiwezi. Mvuke ulikuwa bado haujafika nyuzi 134, ambapo lazima ukae angalau dakika 3, kisha vyombo vikauke. Simu inalia.

"Mama Vyombo, mgonjwa yuko mlangoni."

"Stima, sister."

Baada ya muda inalia tena. "Kwani huko mnapika githeri?"

Nacheka kwa shingo upande. Mgonjwa hajala tangu usiku, najua. Afadhali hawajamlaza usingizi. Stima inarudi, naanza upya kabisa. Hapa hakuna kuendelea ulipoachia. Tunafungua mlango wa mashine, na pakiti ya chini imelowa. Sister mwenyewe amekuja.

"Tepu si imegeuka nyeusi? Nipe tu."

Tepu inasema joto limepita hapo, basi. Kitambaa kilicholowa hunyonya vijidudu kutoka nje hadi kwenye kisu. Na titi likiondolewa, chini ya ngozi hubaki uwazi unaokusanya maji, ndiyo maana mgonjwa huachiwa mpira wa kuyatoa kwa siku kadhaa. Kidonda hicho kikiota usaha, kemo, zile dawa za saratani, inaahirishwa. Sitoi.

Daktari anatokea na makubadhi yake. "Mama, tunachelewa."

"Imelowa, daktari."

Anaigusa. "Rudisha." Anaenda kunywa chai. Sister anabaki akinitazama kana kwamba mvuke ni wa babangu.

Alipoingia mgonjwa hatimaye sikutazama saa. Miguu ilikuwa imevimba, chai yangu imeota utando. Halafu vyombo vikarudi, kuosha tena, kuhesabu tena, kibano kimoja kikakosekana hadi tukakipata ndani ya shuka chafu, na giza lilikuwa limeingia. Allis mmoja haubani sawasawa. Nimeutenga na kuandika ombi jingine la mpya, juu ya yale ambayo hayajajibiwa. Kesho yake ni zamu ya mifupa, na sinia zao ni nzito ajabu.