Kujiandaa kwa hija ya Santiago

Anayekusudia kwenda hija hii ya Kikristo kwa miguu kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, hadi Santiago de Compostela, Hispania, mwendo wa kilomita zipatazo 780, ni vyema ajitengee siku 35 hivi, kwa kuwa mwili hudai mapumziko hata pale moyo unapotaka kusonga mbele. Viatu vyangu nilivizoea miezi miwili kabla ya kuondoka, na bado malengelenge yalinitoka kisiginoni siku ya pili. Tangu hapo, ngozi ilipoanza tu kuwaka, nilisimama, nikavua soksi na kubandika plasta. Mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Pasipoti ya hija, yaani kijitabu cha kuthibitisha mahali ulipopita, igongwe mhuri kila unapolala, na kuanzia Sarria, mji ulio kilomita zipatazo 115 kabla ya Santiago, iwe mihuri miwili kwa siku.