Jino moja, madokta watatu, majibu matatu

Hili gego la chini kushoto lilianza vituko nikiwa sokoni Tengeru, natafuna hindi la kuchoma zangu, nikasikia ka! nikajua ni kijiwe, kumbe ukuta wa jino umeondoka. Na nikaumeza. Yaani nimekula jino langu mwenyewe na ndimu na pilipili juu.

Dokta wa kwanza, kliniki moja ya hapa mjini Arusha siitaji jina, alikaa na mimi dakika tatu. Achama, haya funga, limeoza hilo, tung'oe, elfu ishirini na tano. Nikamuuliza haliwezi kuzibwa? Akasema litakusumbua tu dada, toa upumzike. Na ningetoa kweli, kwa sababu kwetu jino likiuma linang'olewa, mzee wangu amebaki na magego matatu na hajawahi kuwaza habari za kuziba. Kilichoniokoa siku ile sikuwa na hela, basi.

Wa pili nilipelekwa na shoga yangu, sehemu yenye kiyoyozi na tv ukutani. Huyu alipiga picha, akaniambia hapa ni kutibu mzizi kisha krauni juu, yaani kofia ya kulifunika jino lote, ukijumlisha vyote laki saba na kitu. Elfu ishirini na tano mpaka laki saba, jino ni lilelile! Nikasema huyu wa kwanza mvivu, huyu wa pili mwizi, nikameza panadol nikalala.

Ila usiku jino halilazi mtu, nikaanza kusoma. Kumbe siyo mimi peke yangu wala siyo Arusha peke yake. Mwaka 1997 mwandishi mmoja Marekani aliyekuwa akiandikia jarida la Reader's Digest alizunguka kwa madaktari wa meno 50 kwenye majimbo 28 na mdomo wake huohuo, akaambiwa bei kuanzia chini ya dola 500 hadi karibu dola 30,000. Wengine walitaka kumvisha krauni karibu mdomo mzima. Nilicheka peke yangu kitandani mpaka jino likanikumbusha lipo.

Sasa kilichonishika zaidi ni habari za hivyo vitu vinavyowekwa ndani. Mimi nilikuwa najua kuziba ni kuziba. Kumbe ile ya rangi ya silva, amalgamu, karibu nusu yake ni zebaki, hiyohiyo wachimbaji wanayokamatia dhahabu kule Geita, iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Ni ngumu na inadumu, haina shida na gego, ila zebaki ikishaingia kwenye maji haitoki. Kuna mkataba wa kimataifa uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki wakaugua vibaya mno, na nchi zilizomo zimekubaliana amalgamu iondoke kabisa ifikapo 2034. Kwa watoto chini ya miaka 15 na mama wajawazito na wanaonyonyesha ilishakubaliwa tangu 2022 isitumike labda dokta aone hakuna namna.

Halafu kuna hii njia ya kuziba ambayo sikuwahi kuisikia na nimezaliwa nchi hii. Katikati ya miaka ya 80, pale Dar es Salaam, Mholanzi mmoja anaitwa Jo Frencken alikuwa anafundisha meno chuo kikuu, na huko vijijini umeme hakuna, mashine ya kuchimba jino utaichomeka wapi. Wakaanza kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono tu halafu wanaziba. Hakuna mashine inayopiga kelele, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Baadaye ikaja kutumika zaidi saruji ya glasi-ionoma, ambayo inashika jino yenyewe na inatoa floraidi kidogokidogo. Tarehe 7 Aprili 1994 Shirika la Afya Duniani likaibeba njia hiyo kama ya kutangazwa dunia nzima. Imeanzia hapahapa kwetu, na mimi naambiwa ng'oa!

Nikapanda Hiace mpaka Moshi kwa dokta wa tatu, mama mmoja mtu mzima. Nimeingia, shikamoo dokta, marahaba, nikafungua mdomo tu akasema, wewe ni wa Maji ya Chai au Ngarenanyuki? Maji ya Chai. Akacheka. Sisi watu wa chini ya Mlima Meru meno yetu ni kitambulisho, hata ukisahau cha NIDA nyumbani unajulikana, kahawia kwa sababu ya floraidi ya kwenye maji yetu tuliyokunywa tangu utotoni meno yakiwa bado yanajengeka. Nimedhihakiwa sana boarding kwa hilo ila tuliache.

Lakini siyo utani tu, ina maana kwenye matibabu. Akanieleza kwamba ile ya rangi ya jino, kompositi, inahitaji kwanza jino lipakwe asidi ili likwaruzike, kompositi ipate pa kushika, na jino lenye floraidi nyingi ngozi yake ya nje ni sugu, asidi haiingii vizuri, dokta asipolichubua au kuongeza muda kompositi inabanduka. Nikakumbuka yule wa pili hakuniuliza hata nimekulia wapi.

Kisha akafanya kitu ambacho wale wawili hawakufanya. Alichukua pamba ya baridi akagusisha jino, akaniambia nyoosha mkono likianza kuuma, shusha likiacha. Likauma, nikahesabu moja, mbili, likaacha. Akasema mshipa uko hai, ungeendelea kupwita dakika nzima tungeongea habari za mzizi. Kwa hiyo siyo kung'oa, siyo laki saba. Nikamdakia, si tuweke ile saruji ya glasi? Akatabasamu, we umesoma eh, hiyo inakaa vizuri kwenye tundu la juu ya jino tu, kuta zikiwepo, wewe ukuta umeenda, utatafuna makande wiki mbili utarudi hapa. Akaiweka chini kama mto, juu kompositi, baada ya kuchubua sana. Elfu tisini.

Nikamuomba aniandikie kwenye karatasi ameweka nini. Akanishangaa, kasema hajawahi kuombwa, ila akaandika. Nimeikunja iko kwenye pochi. Mama nyumbani hakuuliza habari ya karatasi, ameuliza tu, "Kwa hiyo wamelitoa?" Nikaachama akachungulia na tochi ya simu, akasema mbona lina rangi nyeupe kuliko mengine, si watakujua hilo la Moshi.