Siku Moja Maishani Mwangu: Kuuvika Mfereji wa Zamani Hadithi Mpya

Saa kumi na moja alfajiri, kabla wageni hawajaanza kumiminika katika bustani ya burudani, huwa nimeshavaa buti za mpira na kushuka ndani ya mfereji mkavu. Kazi yangu ni kubadilisha mandhari ya mchezo wa zamani wa mashua. Hadithi yake ya awali, ambayo wageni wa leo hawaitambui tena, inaondolewa, na mahali pake inaingia filamu ambayo watoto wameikariri neno kwa neno. Kinachobaki ni mfereji wenyewe, njia ya mashua na poromoko la mwisho, kwa sababu kuvunja zege lile ni sawa na kujenga mchezo mwingine kabisa.

Saa moja asubuhi tunakwangua ukuta. Chini ya rangi ya buluu yenye nyota, kikwanguo kimefunua kijani, na nyuma ya mwamba wa bandia nimekuta majani ya mkangaga yaliyochorwa kwa brashi nyembamba, jani moja moja, mahali ambapo hakuna abiria angeweza kuyaona. Nimeyapiga picha kabla hayajafunikwa. Anayerithi kazi ya fundi aliyemtangulia ana wajibu wa kuijua kabla ya kuifuta.

Saa tatu kuna kikao cha wasanifu, na hapa ndipo penye kazi hasa. Kwenye kona ya pili mashua hurudi kinyumenyume, ilhali mswada mpya hausemi lolote kuhusu jambo hilo. Mwandishi ametunga kana kwamba abiria wanasonga mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Nilieleza kwa kirefu mfano ninaouheshimu kuliko yote, wa Epcot, bustani ya burudani ya Disney huko Florida nchini Marekani. Mchezo wa Maelstrom, uliofunguliwa mwaka 1988 katika banda la Norwei, ulikuwa na majitu ya ngano ambayo uchawi wao ulizirudisha mashua nyuma. Ulifungwa mwaka 2014, na mwaka 2016 njia ileile ikawa ya filamu ya Frozen: sasa Elsa, malkia wa filamu hiyo, anaimba, nguvu zake za barafu zinaisukuma mashua, nayo inarudi nyuma palepale iliporudi zamani. Mwendo haukubadilika, sababu ya mwendo ndiyo iliyobadilika, na abiria asiyepewa sababu huhisi tu kwamba mtambo umeharibika. Mwandishi alisikiliza, akaandika onyo fupi la kutumia katika jaribio la usiku, akaomba siku mbili za kuandika mengine upya.

Saa saba mchana nilikuwa karakana, tukichagua sanamu za mitambo zitakazobaki. Si aibu kutumia mwili wa zamani. Splash Mountain, mchezo wa mashua wa bustani ya Disneyland huko California, iliyofunguliwa mwaka 1989, ilichukua sanamu nyingi kutoka onyesho la America Sings lililofungwa mwaka mmoja kabla, kisha yenyewe ikabadilishwa na kufunguliwa mwaka 2024 kwa hadithi ya Tiana, shujaa wa filamu ya The Princess and the Frog. Lakini huko hoja haikuwa usahaulifu peke yake, maana Song of the South, filamu ya mwaka 1946 iliyouzaa mchezo huo, ililaumiwa kwa miaka mingi kwa namna ilivyowaonyesha watu weusi. Wapo waliohuzunika, na ninawaelewa. Hata hivyo naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki.

Saa kumi pampu zilianza kujaza maji.

Saa mbili usiku tulifanya jaribio. Kwenye viti tuliweka vibweta vya plastiki vilivyojazwa maji badala ya watu, kwanza mashua nyepesi, kisha nzito, kwa kuwa uzito hubadilisha mwendo, na mwendo hubadilisha mahali abiria anaposikia kila neno. Mashua nzito ilipita kona ya pili, ikasimama, ikaanza kurudi nyuma. Sauti ya mhusika anayewaonya abiria ilikuwa bado katikati ya sentensi.

“Sekunde mbili zimezidi,” alisema fundi wa sauti, macho yake yakiwa kwenye saa.

“Tukate salamu za mwanzo,” nilimjibu, “onyo lile tuliache lilivyo.”

Tuliirudisha mashua kituoni, tukaipitisha mara nyingine nne. Katika ile ya mwisho neno la onyo liliisha, pakawa na kimya kifupi, ndipo maji yakaivuta mashua nyuma.