Ukanda wa plastiki ulionipa umbali wa mlipuko wa miale ya gama

Mlipuko wa miale ya gama, yaani mmweko mfupi wenye nguvu kubwa mno kutoka galaksi ya mbali, ukishazimika, mara nyingi huacha nyuma mwanga wa kawaida unaofifia kwa saa au siku kadhaa, na ni humo nilimosoma umbali wake. Awali nilishauriwa nipime ukali wa miale yenyewe, kwamba mlipuko hafifu uko mbali na mkali uko karibu. Ushauri huo ulinipotezea wiki kadhaa na bado unaniudhi, kwa sababu mlipuko uitwao GRB 080319B, wa Machi 2008, ilifikia mng'ao wa kuonekana kwa macho matupu ilhali mwanga wake ulikuwa umesafiri miaka bilioni 7.5 hivi. Milipuko hii haikupimwa kwa kibaba kimoja.

Nilipokwisha kuisafisha spektra, yaani mwanga huo uliotawanywa kwa rangi zake, nilitafuta mistari myeusi ambayo gesi za njiani huichora katika mwanga. Maabara hutuambia kuwa magnesiamu huacha jozi ya mistari kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 279.6 na 280.3, na chuma huacha mistari kwenye 238.3 na 260.0, miongoni mwa mingine. Kwa kuwa ulimwengu unatanuka, namba zote za galaksi moja hutufikia zikiwa zimezidishwa kwa kizidisho kimoja, ambacho huwa kikubwa kadiri galaksi ilivyo mbali, na kuzidisha, katika mizani ya logi (ambayo kila hatua sawa ni kuzidisha kwa namba ileile), ni kusogeza tu. Kwa hiyo niliichapa spektra kwa mizani ya logi, nikaichora mistari ya maabara kwa mizani hiyohiyo juu ya ukanda wa plastiki angavu, nikausukuma kulia taratibu kwa kidole. Gharama yake haikuzidi karatasi na jioni chache, na sijawahi kujivunia kifaa kama ninavyojivunia ukanda ule. (Mistari ya oksijeni ya hewa yetu, karibu na 687 na 760, iwekewe alama mapema, isije ikadhaniwa ni ya galaksi.)

Ukanda ulitulia juu ya jozi nzito kwenye 559.2 na 560.6, yaani kizidisho cha 2. Niliambiwa jozi nzito ndiyo jibu, nikaliandika. Usiku huo sikulala vizuri, kwani palikuwa na mstari mwembamba kwenye 699.0 ambao haukuwa na mwenyewe. Asubuhi niliusukuma ukanda mbele zaidi, na ghafla mistari minne ikakaa pamoja: magnesiamu kwenye 699.0 na 700.8, chuma kwenye 595.8 na 650.0. Kizidisho kilikuwa 2.5. Galaksi mbili zilikuwa zimepangana katika mstari mmoja wa macho.

Je, hiyo ya pili ndiyo nyumbani kwa mlipuko, au nayo ilipitiwa tu njiani? Mwanga mkali wa mlipuko huchangamsha atomi za chuma zilizo katika galaksi yake, nazo hunyonya mwanga kwenye nanomita 239.6, mstari ambao kwa kawaida hauonekani katika gesi tulivu ya galaksi za njiani. Nilipiga hesabu: 239.6 mara 2.5 ni 599.0. Nikaikuza sehemu hiyo ya spektra, na mstari ulikuwepo, haukuwa na kina kirefu lakini ulikuwa dhahiri, mahali palepale. Jozi nzito ilikuwa ya galaksi ya njiani, na mwanga niliokuwa nikiusoma ulikuwa umeanza safari yake zaidi ya miaka bilioni 9 iliyopita.