Hizbu au Afro?

Hapa Wete, Pemba, ukisema bei ya karafuu inaridhisha, umeshakuwa CCM. Ukisema mkulima aachiwe auze kwa amtakaye, basi wewe chama cha ACT-Wazalendo. Mimi nasema yote mawili.

Mikarafuu yangu ni ya urithi, si mingi. Msimu ukifika tunakaa uani na wanangu kuchambua makonyo, tunaanika kwenye majamvi, na wingu likitanda kila mtu mbio. Mnunuzi ni mmoja tu, Shirika la Taifa la Biashara. Bei inatangazwa, naijua kabla sijafunga gunia, mchuuzi hanilaghai. Hilo nalitaka libaki. Lakini soko la nje likipanda, sina pa kwenda pengine, na hilo nalipinga, hata akilitetea nani.

Kwenye Muungano naunga mkono serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, kama ilivyopendekeza rasimu ya katiba ya Tume ya Warioba mwaka 2013. Serikali ya umoja wa kitaifa hapa Zanzibar niliipigia ndiyo kwenye kura ya maoni ya Julai 2010, na waliosema ndiyo tulikuwa asilimia 66.4. Sasa hapo nimesimama na chama gani?

Bibi yangu, Mungu amrehemu, akiletewa posa alikuwa anauliza: "Kwao walikuwa Hizbu au Afro?" Yaani chama cha Hizbu (ZNP) au Afro-Shirazi (ASP). Kura za 1963 hizo!

Shemegi yangu ananiita popo, si ndege si mnyama. Nimemtaka anieleze msimamo wake juu ya karafuu bila kumtaja kiongozi yeyote. Bado namsubiri.